Sampuli Haitoki Ghalani

Siku tuliyomzika baba, mbwa wake alitoroka, akakamatwa na askari wa halmashauri na kupelekwa kituo cha wanyama. Mama akamfuata huko huko. Miaka yote alikuwa akimwita yule mbwa "mke mwenzangu", maana baba alimtengea minofu na mama akaachiwa mifupa. Sasa hakuwa na mwingine wa kumkumbuka mzee naye.

Kituo kikakataa kumtoa. Mbwa jike hatoki mpaka afungwe kizazi, na anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo ni daktari mwenye mkataba na halmashauri tu. Daktari huyo hakuwepo; zabuni ya kumpata ilikuwa bado kwenye kamati. Mabanda yalifurika, majike wakizaa, na watoto wao nao wakizaa.

"Si wewe uko kwenye hiyo kamati ya zabuni?" mama akaniuliza. "Basi fanyeni haraka."

Haraka! Mama hajawahi kukaa na kamati. Tulikuwa watatu, tukikutana ofisi ya ghala iliyopakana na kituo: mimi, mtunza ghala, na Mwenyekiti, ambaye tangu aajiriwe hakununua kingine ila madawati na sare za wafagizi. Tangazo lake la zabuni lilikuwa lile lile la madawati, kabadilisha kichwa tu. Kwa hiyo sharti la sampuli likabaki: kila mzabuni alete yake, ya mshindi ikae ghalani mpaka mkataba wa miaka mitano uishe, ya aliyeshindwa irudishwe ilikotoka.

"Mzee, sampuli ya nini tena hapa?" nikauliza.

"Ya kazi! Au unataka tuuziwe mbuzi kwenye gunia?"

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Kila Kitu, jamaa aliyetuuzia mapazia, wino na jenereta, na sasa kageuka daktari. Alileta paka kwenye boksi, akaapa kuwa kamfunga kizazi barabara. Tukiwa bado tunampa alama, paka akazaa juu ya meza. Mwenyekiti aliwatazama wale watoto kwa makini, kisha akasema mzabuni ameleta zaidi ya kilichoombwa.

Wa pili alikuwa daktari wa wanyama kweli, mwanamke asiye na maneno mengi. Alisema hana mnyama wa kuleta, achukue wa kituoni. Nikamwonyesha mke mwenza wa mama, nikijiona mjanja kuliko sungura. Alimpasua asubuhi, jioni mbwa anatembea. Nilifurahi mpaka nilipomwona mtunza ghala anamvalisha kibandiko shingoni: SAMPULI B.

Hapo ndipo akili ikanijia. Daktari akishinda, mbwa atakaa ghalani miaka mitano, naye kwa uzee wake hata miwili hana. Akishindwa, mbwa anarudishwa kituoni, na kwa kuwa keshafungwa kizazi, mama anaondoka naye leo hii.

Nikaomba lile sharti lifutwe. "Zabuni imeshafunguliwa!" Mwenyekiti akang'aka. "Unataka tufungwe?" Yeye akampigia kura Bwana Kila Kitu, mtunza ghala akampigia daktari. Wakanigeukia.

Dirishani nilimwona mama amesimama uani, kamba ya mbwa mkononi, amevaa kanga yake ya kutokea. Nyuma yake mabanda yalikuwa yanapiga kelele. Nilimfikiria Bwana Kila Kitu na kisu chake. Nikampigia kura daktari.

Nikatoka nikamweleza mama yote, macho yangu chini.

"Kwa hiyo hao wengine watapata mtu anayejua kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mke mwenzangu ni wa humo ghalani mpaka afe."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anilaani, na ningeipokea laana hiyo. Mama akamtazama Mwenyekiti aliyekuwa akitoka na faili zake, akasonya, akampita mtunza ghala mlangoni pa ghala bila hata hodi. Mbwa alikuwa amelala kati ya madawati. Alipomwona mama akainuka kwa shida, akitikisa mkia.

"Umefanya sawa, mwanangu," mama akasema, akimkuna masikio. "Sasa niletee kiti."