Chai ya Maji ya Nne

Miaka tisa Shunqing hakuukanyaga uchochoro wa kwao mjini Chaozhou. Alirudi siku ya pili ya mwaka mpya, siku ambayo mabinti walioolewa hurudi kwao, mkononi machungwa manne, moyoni jiwe. Alimwacha mumewe, Baoguo, kwenye duka la kona.

"Acha nitangulie," alimwambia. "Nikifukuzwa, nifukuzwe peke yangu."

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Dada yake mkubwa, Meizhu, aliyemlea tangu mama yao afariki, alimtafutia mchumba wa mtaa uleule. Shunqing akakataa, akaolewa na huyu Baoguo wa kaskazini, dereva wa lori, anayetia majani kwenye chupa kubwa asubuhi akayaongezea maji mpaka jioni.

"Mwanamume anakunywa chai kama ng'ombe mtoni!" Meizhu alisema siku ile. "Haya, mfuate. Lakini ukirudi hapa, utarudi mgeni."

Neno hilo Shunqing alilala nalo na kuamka nalo miaka yote tisa.

Mlango ulikuwa wazi. Meizhu, kichwa kimeingia mvi, alikuwa mbele ya sinia la chai pamoja na jirani yao Mzee Cai, mshona viatu mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Vikombe vitatu, vidogo kama nusu ya yai. Ni vitatu siku zote, hata wanywaji wawe sita: huyu akimaliza, chake kinaoshwa kwa maji ya moto, kinakwenda kwa mwenzake.

"Loo! Si Qing mdogo huyu?" Mzee Cai akasema. "Umenenepa! Huko kaskazini wanakulisha mikate tu?"

"Wananilisha, Mzee. Shikamoo. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa," Meizhu akasema, bila kumtazama.

Shunqing akakaa kwenye ncha ya kigoda. Kwa desturi yao, mgeni akiingia, hata kama majani ndiyo kwanza yametiwa, mwenye nyumba huyamwaga akatia mapya. Asipofanya hivyo, amemtukana. Kila mtu huitaka heshima hiyo. Shunqing peke yake aliomba Mungu asipewe.

Meizhu akafunua buli, akachungulia ndani. Mkono wake ukaenda kwenye kopo la majani. Kopo likasogezwa pembeni kidogo, ili birika lipate kupita, na maji yakamiminwa juu ya majani yaleyale.

"We Meizhu!" Mzee Cai nusura aanguke. "Hayo ni maji ya nne! Hiyo si chai tena, ni machozi ya paka. Badilisha majani, mgeni kaja!"

"Mgeni yuko wapi?" Meizhu alikuwa akizungusha buli juu ya vikombe, kila kimoja kipate sawa na mwenzake, mpaka tone la mwisho. "Mimi namwona mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. Aliyechelewa anakunywa alichokikuta."

Akamsogezea kikombe cha kwanza. Shunqing akagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yao. Chai ilikuwa nyepesi, imebaki na utamu mwembamba tu nyuma ya ulimi. Tangu azaliwe hakuwahi kunywa nzuri kama ile.

"Unalia nini sasa? Birika linafurika, hulioni? Njoo huku umimine wewe, mkono wangu una baridi yabisi."

Wakabadilishana viti. Vikombe vikazunguka mara mbili, habari za mtaa zikazunguka navyo.

"Na yule ng'ombe wako?" Meizhu akauliza.

"Yuko kwenye duka la kona, dada. Anakuogopa."

"Na aniogope. Mwite."

Baoguo akaingia ameinama, chupa kwapani, majani yakielea ndani. Mzee Cai akacheka mpaka akapaliwa. Meizhu akaitazama chupa, akamtazama mwenye chupa.

"Qing, mwaga hayo. Tia mapya, yale ya kopo la nyuma. Mgeni kaja."

"Nitakuwa mgeni mpaka lini, dada?" Baoguo akauliza kwa unyenyekevu.

"Mpaka ujifunze kunywa. Na hiyo iache mlangoni, na viatu."

Baoguo akakishika kikombe kwa vidole vyake vya kushikia usukani, akakibugia mara moja, akakinyoosha kuomba kingine.

"Kazi ipo," akasema Mzee Cai.

Shunqing akammiminia.