Neno Lililompita Severa

Severa alikuwa ameongoza ndege kwa miaka kumi na minane aliposhindwa mtihani wa Kiingereza. Barua ilisema: kiwango cha tatu. Anayeongea na marubani kutoka mnarani lazima awe na cha nne, kwa hiyo alihamishiwa ofisini kupanga mafaili.

Mumewe, Anselmi, mwenye duka la vyombo Kariakoo, hakuelewa. "Mama Angela, si unaongea nao kila siku hao marubani?"

"Naongea maneno yaleyale. Upepo, barabara ya kutua, ruhusa. Kwenye mtihani mtahini anajifanya rubani mwenye shida."

Rubani yule alisema abiria wake amepatwa na jambo fulani. Neno lilimpita. Severa akajibu amepokea ujumbe, akanyamaza. Baadaye aliambiwa lilikuwa neno la kifafa. Kushindwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba angeweza kumnyamazia hivyo mgonjwa wa kweli.

Akamtafuta mwalimu Sarla, mstaafu wa Upanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekusikiliza kwenye simu. Kiingereza unacho. Unaogopa kuonekana hujui, basi."

Zoezi lilikuwa moja: kueleza kitu bila kukitaja jina. Kila jioni Severa alikaa dukani kwa Anselmi akieleza kwa Kiingereza, kwa sauti, chujio la chai, mbuzi ya kukunia nazi, kawa la kufunikia chakula. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani aliyekuja kununua ndoo alimcheka waziwazi. Wiki mbili aliona aibu. Ya tatu akaizoea.

Siku ya kurudia mtihani, rubani alisema kuna kitu kimevuja kwenye mizigo. Jina la kitu chenyewe Severa hakulijua. Akasema taratibu, kwa Kiingereza:

"Neno hilo sijalielewa. Nieleze kwa maneno mengine. Kinadhuru watu?"

"Ni dawa kali ya kusafishia. Abiria wanakohoa."

Severa akampa nafasi ya kutua kwanza, akasema zimamoto na madaktari watamsubiri.

Majibu yalitoka baada ya siku tisa: cha nne. Alimpigia mwalimu Sarla kabla hata ya Anselmi.

"Hongera," mwalimu akasema. "Hicho cha nne kitaisha muda wake baada ya miaka mitatu. Njoo Jumanne, tuanze kutafuta cha tano."

Severa alikwenda.