Nesi Hakai Kitini

Bibi yake ndiye aliyemfukuza nyumbani. Mtaani binti huyu tunamwita Nesi, ingawa sindano hajawahi kushika. Tangu miguu ya bibi igome, ni yeye anayemwogesha, kumlisha na kumgeuza. Shoga hana tena, kucheka kasahau. Basi Jumamosi moja bibi akaapa:

"Nenda kwa msusi, ukae, usukwe kichwa kizima! Mke wa kinyozi atakaa nami, hana kazi zaidi ya umbea. Ukirudi na nusu kichwa, nahamia kwa mjomba wako."

Mjomba huyo hata paka wake alimhama.

Msusi ni mimi. Nikamkalisha, nikachana. Mstari wa pili sijaufunga, kashainuka! Muuza mitumba, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa anainua chai yake. Nesi akakinyakua kikombe, akapuliza, akaonja, akamrudishia.

"Taratibu, usiungue."

"We mtoto! Kwani mimi sina mapafu?"

Nikamvuta chini. "Kaa! Au unamtaka mjomba?"

Akakaa. Mara akaingia fundi viatu na ndala zangu mkononi, anatafuna mkate. Nesi huyo, chanuo linaning'inia kichwani, akamfuta makombo kwenye ndevu. Kisha, kwa upole kabisa, akamuuliza: "Haja ndogo umeshakwenda leo?"

Fundi, mtu mzima na heshima zake, akajibu: "Asubuhi tu."

Saluni ikapasuka. Muuza mitumba akaporomoka kwenye benchi. Nesi akaziba mdomo, macho yamemtoka. Halafu kicheko kikamtoka kwa kukwamakwama, kama pikipiki iliyolala muda mrefu bila kuwashwa. Kilipowaka, hakikuzimika. Akacheka hadi akalia, na kilio nacho kikakataa kukoma.

"Dada, nimechoka," akaniambia.

"Njoo hapa, mwanangu," muuza mitumba akamlaza pajani. "Lia, kamasi futia gauni langu, ni la mtumba."

Akalala hapohapo. Nikamsuka hivyohivyo, nimepiga magoti, huku fundi akifukuza nzi kwa ndala.

Jioni nikamrudisha. Bibi akapapasa kichwa, mstari kwa mstari.

"Huu umepinda."

"Alikuwa amelala, bibi."

Bibi akamtazama mjukuu wake, bado ana alama ya kifungo cha gauni shavuni.

"Amelala? Basi Jumamosi ijayo arudi, uunyooshe."

Tangu hapo, kila Jumamosi napindisha mmoja makusudi.