Udongo wa Chini ya Bahari

Tima alifungua friji akakuta kikopo chake kimeoshwa kikatakata, kimefudikizwa pale pale alipokiweka. Akabaki amesimama mpaka mamake akamuuliza kama anaipoza nyumba nzima.

Ndani ya kikopo kile mlikuwa na udongo uliotolewa chini ya Bahari Hindi kwa bomba refu kama njia ya kutoka Kisauni hadi Shanzu. Tima kazi yake ni kusoma miamba ya baharini. Mwaka ule wa themanini na nane alikuwa amekaa miezi miwili katika meli ya wataalamu wanaotoboa sakafu ya bahari, akapewa kipande kimoja aje akipime. Majibu yakifika kwa wakubwa wa meli, angeitwa safari ya pili. Yasipofika, nafasi yake ina wengi wa kuitaka.

Nyumbani alishaeleza mpaka ulimi ukachoka. Majirani waliuliza mafuta yatatoka lini. Ami yake Idarus aliuliza meli nzima ya wasomi inafuata matope gani, na masika matope yamejaa mlangoni. Habari ya kikopo hakuuliza mtu.

Mama akasema kwa upole kwamba aliyeuchukua ni Mishi, mke wa Badi kakake Tima, naye amekwenda kliniki. Ana mimba ya miezi sita, na tangu alfajiri alikuwa akiulilia udongo.

"Amekuombea dua, mwanangu. Asema wifi ana huruma, kamuwekea hata ukapata baridi."

Tima alijifunga buibui huku anakwenda. Akamkuta Mishi kliniki, kwenye benchi la wajawazito, pindo la leso limefunguliwa na halina kitu. Mishi akamshukuru mbele ya watu. Udongo laini, alisema, hauna hata chembe ya mchanga, na kuula peke yake mbele ya wenye mimba ni uchoyo, ndipo akawagawia.

Tima akauliza mmoja mmoja. Wote wamemaliza, isipokuwa Pascalia, mke wa dereva wa lori wa Kipevu, aliyeshika kipande kama ukucha wa kidole gumba, upande mmoja una alama za meno.

"Dada, naomba hicho."

"Nimepewa."

"Aliyekupa si chake."

"Kwani wewe una mimba?"

"Sina."

"Basi ngoja upate."

Benchi zima likacheka. Tima akatoka hadi kwa muuza udongo langoni, akarudi na fungu kubwa. Pascalia akaonja, akakunja uso.

"Huu ni wa kila siku. Lakini chukua chako, nisije nikazaa mtoto mwenye macho hayo unayonikodolea."

Tima akakigeuza kiganjani. Hadubini haitaki zaidi ya ncha ya kijiti, na upande usiotafunwa ulikuwa mzima. Utatosha, alhamdulillahi.

"Wifi," Mishi akamwita, "ukirudi huko baharini, mara hii uje na ndoo."

Tima alikuwa akitafuta maneno ya kuwaandikia wakubwa wa meli kwamba kipande kimepungua, bila kusema kimepungukia wapi.