Salamu Zangu ni Fupi

Ronald Kituku alikuwa mpole kupindukia, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Lakini akishavaa koti la suti lililompwaya na miwani isiyo na vioo, aligeuka Mheshimiwa Nitarudi, mbunge wa jimbo lisilokuwapo, na hapo kumnyang'anya maikrofoni ilikuwa kazi.

Albamu ya Mheshimiwa ilirekodiwa Voi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la magodoro, ambacho fundi wa sauti, Abdulbasit, alikibandika trei za mayai ukuta mzima. Nyimbo nane zilikuwa tayari. Katika "Itifaki Imezingatiwa" Mheshimiwa anawatambua wageni wote, mbuzi wa mwenye boma pamoja nao. "Lami ya Kishushe" ni ahadi mtindo mmoja mpaka gitaa linachoka. Uliobaki ulikuwa "Salamu Zangu ni Fupi", wa dakika tisa.

Abdulbasit aliupenda, ila makofi ya kompyuta aliyaona hayana roho. "Nenda ukaurekodi kwenu Marungu, ndugu yangu," akamwambia. "Watu wa huko hotuba hizi wamezisikiza mpaka wamezihifadhi."

Ronald akanywea. Marungu ndiko alikoishi baba yake, Mzee Kituku, aliyekuwa diwani kwa miaka kumi enzi za kaunsili. Kikohozi cha Mheshimiwa kilikuwa cha Mzee. Kidole kinachopanda hewani kilikuwa chake pia, na yale maneno "Watu wangu, maji yako njiani" yalikuwa yake neno kwa neno. Bomba lenyewe halijafika hadi leo. Mzee hakuwa amesikia hata wimbo mmoja, na Ronald alimpenda baba yake mno. Kumfanya kichekesho mbele ya majirani zake lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi.

Hata hivyo Jumamosi yeye na Abdulbasit walikwenda na mashine ya kurekodia. Watu walikusanyika uwanja wa kanisa, wakaelezwa bayana kwamba huu ni mchezo tu. Ronald akajaribu maikrofoni jinsi alivyozoea studio. Akainua kidole, akasema, "Watu wangu, maji yako njiani," kisha akakohoa.

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na macho yote yakamwendea Mzee Kituku aliyeketi mstari wa mbele. Mzee hakucheka. Ronald alitamani ardhi immeze, koti na vyote.

Lakini watu wa Marungu hawajui kumsikiliza mheshimiwa ovyo ovyo, hata awe wa uongo. Kina mama wakaanza wimbo wa kupokea mgeni. Viti vya plastiki vikapangwa upya kwa vyeo. Mwalimu mstaafu, Bi Nthambi, akatoa mkobani risala yenye maombi saba, la kwanza likiwa maji. Na kwa kuwa mgeni hahutubii kabla ya kukaribishwa, wakamtazama yule aliyekaribisha wageni miaka yote. Mzee akainuka taratibu, akapokea maikrofoni.

Akakohoa. Kidole kikapanda chenyewe. Akakitazama kidogo, akakishusha.

"Huyu mgeni namjua," alisema. "Miaka kumi alikuwa anaongea na mdomo yangu. Niliwaambia maji iko njiani. Hata mimi sikujua iko wapi."

Ronald akavua miwani. Ndipo mama mmoja mkongwe, aliyekuwa akibeba mitungi tangu kabla Mzee hajaota udiwani, akasema kutoka nyuma, "Keti, Diwani. Sisi tulijua. Wacha kijana atuchekeshe."

Watu wakapiga makofi, ya polepole kwanza, kisha ya nguvu. Mzee alipomkabidhi mwanawe maikrofoni alimwinamia sikioni, akamwambia kikohozi amekiweka pabaya. Kinakuja kabla ya ahadi, si baada yake, ili mtu apate nafasi ya kutafuta la kusema. Ronald akacheka hadi akatokwa na machozi, kisha akahutubia dakika zake tisa, akikohoa mahali panapostahili.

Jumatatu Abdulbasit alivaa vidude vya masikioni, akasikiliza yote. Mashine ilikuwa imenasa hata maneno ya Mzee. Akauliza ayakate au ayaache. Ronald hakuthubutu kuamua peke yake, akampigia baba yake, akamweleza kwamba wakitaka yanafutika, hakuna atakayejua.

"Wacha hivyo," Mzee alisema. "Mara moja tu nimesema ukweli kwa maikrofoni, na wewe unataka kufuta?"

Wimbo unaanza na maneno hayo ya Mzee ya uwanjani. Nyuma ya jalada, chini ya majina ya wapiga gitaa na ngoma, pameandikwa: Kikohozi, Mzee Kituku.