Sufuria ya Shughuli

Jino halina adabu. Halimchagui shehe wala mvuvi, na likiamka kuuma humliza mzee wa mvi mbele ya wajukuu zake. Ndiyo maana chumba cha meno cha zahanati ile ndogo, kwenye njia ya kutoka Msambweni kwenda Gazi, hakikukosa watu. Aliyeng'oa meno alikuwa Bwana Chirau, kijana wa Mkongani aliyejifunza kazi yake Mombasa, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Aliyeshika vichwa alikuwa Mwanarusi.

Kazi ya kushika kichwa si ya kudharau. Katika nchi ile hakuna aliyempa mgeni kinywa chake bila mtu wake kumshika kichwa, na mwanamke ndiye hasa asingekaa peke yake na kijana mwanamume huku kapanua kinywa. Mwanarusi, mjane mwenye mikono mipana, alikuwa mtu wa kila mtu. Alisimama nyuma ya kiti, akakiegemeza kichwa cha mgonjwa kifuani pake, akaweka kiganja juu ya kipaji cha uso, akasoma taratibu aya alizofundishwa utotoni. Watu walisema nusu ya ganzi imo kwenye sindano ya Chirau na nusu imo viganjani mwa Mwanarusi. Chirau hakukasirika kusikia hivyo. Alijua kwamba bila mama huyu angeng'oa meno ya wanaume tu, tena wale wasio waoga, nao si wengi.

Mwanarusi hakuwa na mtu duniani ila binti yake, Esha, aliyeolewa Gazi na mtengeneza mitumbwi aitwaye Boga. Mimba mbili za Esha ziliharibika. Ya tatu ilikuwa imekua, tumbo liko mbele, na kila Ijumaa Mwanarusi alikwenda kulitazama kama mtu anayetazama chungu kilicho motoni. Hakulala vizuri. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa mara mbili.

Basi mwaka ule wa hamsini na saba ikaja homa ya mafua, iliyosemekana imetoka mashariki ya mbali ikashuka bandarini pamoja na abiria. Skuli zikabaki na madawati matupu, na msikitini imamu alisoma huku akipokezana na vikohozi. Wengi waliugua wakainuka. Lakini homa ile iliwaonea wazee, na zaidi iliwaonea wanawake wenye mimba.

Asubuhi moja Chirau alimwamkia Mwanarusi kama kawaida, kisha akabaki amesimama.

"Mama, wewe unakaa karibu na vinywa vya watu kuliko mimi," alisema. "Ukitaka kupumzika mpaka homa ipite, sitakulaumu. Najua una Esha."

Mwanarusi alifikiri. "Mwanapili wa kisimani ana jipu la ufizi, uso umemvimba hata jicho halionekani. Nikienda zangu, atakufungulia kinywa?"

"Hatanifungulia."

"Na jipu lile likipanda kichwani?"

Wote wawili walijua jibu.

"Basi mimi nitakaa, mwanangu," alisema Mwanarusi. "Gazi ndiko sitakwenda. Boga akipita nitampa salamu amwambie mwenzake: mimi siji, na yeye asije, mpaka Mungu aiondoe homa hii."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, lakini moyo ulimuuma, na hakuna haja ya kuuficha uchungu huo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wakakaa kupanga kazi upya. Walianza na kata. Kando ya kiti palikuwa na mtungi wa maji ya chumvi na kata moja, na kila aliyeng'olewa jino alichota, akasukutua, akairudisha kata mtungini.

"Kata hiyo imebusu vinywa vya Msambweni nzima," Chirau alisema.

Mwanarusi aliitazama. Ndipo alipokumbuka vifuu. Hakuna nyumba ya pwani isiyotupa vifuu kila siku baada ya kukuna nazi. Kila mgonjwa apewe kifuu chake, asukutue, kisha kifuu kiingie motoni, na moto huohuo uchemshe makoleo ya kung'olea meno. Chirau alipenda wazo hilo hata akacheka. Naye akaongeza yake: madirisha yawe wazi kutwa, na wanaosubiri wasibanane barazani, wakae nje chini ya banda la makuti, kila jamaa na jamvi lake. Yeye na Mwanarusi wafunge kitambaa cheupe puani na mdomoni, kipya kwa kila nusu ya siku, na vilivyotumika vichemshwe.

"Kisufuria chetu hakitatosha kuchemshia vyote hivyo," alisema Chirau. "Tupate wapi sufuria kubwa?"

Ilikuwapo moja tu, sufuria ya shughuli. Ilinunuliwa kwa mchango wa mtaa na kutunzwa na Bi Kadzo chini ya kitanda chake, na haikutoka humo ila kwa harusi au matanga.

Mwanarusi alikwenda mwenyewe pamoja na Kitsao, mfagiaji wa zahanati. Kadzo alimtazama usoni, akaona macho mekundu ya mtu asiyelala. Akainama, akaivuta sufuria, akaitoa bila kuuliza neno. Kutoka hapo Mwanarusi alipitia dukani akanunua bafta nyeupe ya vile vitambaa vya puani. Mwenye duka alipima kimya, akakata kimya, na wanawake waliokuwapo wakampisha njia. Kwetu mtu anayenunua bafta haulizwi ni ya nani, maana bafta ndiyo sanda. Na Mwanarusi, akili yake yote ikiwa Gazi, hakuona kitu. Alikunja kitambaa chake akaenda zake, na Kitsao nyuma yake na sufuria kichwani.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye macho naye huona alichokwisha kukidhania. Sufuria imetoka, na hakuna harusi. Bafta imenunuliwa. Aliyeinunua ni Mwanarusi, na Mwanarusi ana nani duniani? Jioni ile msiba ulikuwa umekwisha kupata jina.

Asubuhi yake zahanati ilikuwa imetulia kuliko siku zote. Moto uliwaka uani chini ya sufuria, majamvi yalitandikwa mbalimbali chini ya banda, upepo wa bahari ulipita dirishani na kutokea mlangoni. Mwanapili aliingia akiwa ameshika shavu. Mwanarusi, kitambaa kimemfunika pua na mdomo, alikishika kichwa chake.

"Mbona umejifunga hivyo, shoga?" Mwanapili aliuliza kwa taabu.

"Ni kwa ajili ya homa. Mimi nisikupe wewe, wewe usinipe mimi. Haya, fumba macho, useme Bismillahi."

Chirau alipasua jipu, usaha ukatoka, kisha jino likafuata. Mwanapili alisukutua kwa kifuu chake, akatema kwenye majivu, akakohoa mara mbili, akatoka. Kifuu kikaenda motoni. Kila kitu kilikwenda kama walivyopanga, na Mwanarusi akahisi, kwa mara ya kwanza mwezi ule, kwamba pengine homa hii itapita bila kumgusa mtu wake.

Ndipo zikasikika sauti nje. Wanawake walikuwa wameifuata sufuria, wanaingia uani, leso zimefunika vichwa, wengine na unga kwenye vikapu, wengine na kuni. Wakayaona majamvi, wakakaa juu yake wakibanana bega kwa bega. Wakaiona sufuria ikichemka. Chirau akatoka kuuliza kuna nini, mikono ya shati imekunjwa, bafta usoni, na walipomwona amevaa kama mwosha maiti, kilio kikapanda.

Mwanarusi akatokea nyuma yake. Kadzo alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimkumbatia shingoni, akamwegemea, machozi na kamasi vyote pamoja.

"Mola akupe subira, dada yangu," alisema Kadzo. "Esha alikuwa mtoto mwema."

Mwanarusi alikuwa na kila sababu ya kucheka. Sufuria aliiazima mwenyewe, na bafta aliinunua kwa mkono wake. Lakini hofu ilikuwa imeketi moyoni mwake miezi mingi ikimngoja mtu aje kuipa neno, na neno limekuja. Alimwamini Kadzo. Wanawake wakampokezana, huyu akimwachia yule anamshika, wanakohoa, wanalia, na yeye amesimama katikati kama nguzo. Kisha akajitoa mikononi mwao, akaelekea barabarani.

"Mama! Mama Esha, ngoja!" Chirau aliita.

Hakusikia. Lori la mbata za nazi lilikuwa linapita kuelekea Gazi, akaliinulia mkono, akapanda. Chirau alipomaliza kuwauliza wanawake wale nani kafa, nani kasema, na nani kamwambia aliyesema, vumbi la lori lilikuwa limekwisha kutulia.

Njia nzima Mwanarusi hakulia. Alijiuliza tu nani alimshika Esha kichwa.

Alishuka Gazi, akapita kwenye minazi, akafika kwenye ua wa makuti wa nyumba ya Boga. Hapakuwa na watu wala majamvi. Uani alikuwapo mwanamke mmoja ameketi juu ya mbuzi, tumbo limemjaa mapajani, anakuna nazi huku akiimba pole pole. Alikuwa Esha.

 Mwanarusi alishika mti wa ua. Esha aliinua macho, akatupa nazi, akaanza kujiinua kwa mikono yote miwili.

"Mama! Umekuja!"

Mguu wa Mwanarusi ulikuwa umekwisha kuinuka kuvuka kizingiti cha ua. Na hapo, mguu ukiwa hewani, alisikia unyevu shingoni mwake. Yalikuwa machozi na kamasi za Kadzo, hayajakauka. Akakumbuka vikohozi vya wale wote waliomkumbatia. Akakumbuka Mwanapili.

Akaurudisha mguu.

"Simama hapo hapo!" alipaza sauti. "Usije, Esha. Wallahi ukisogea ninaondoka."

Esha alisimama, mikono ameinyoosha. "Mama, umekuja mpaka hapa, usinishike?"

"Nimekuja kukuzika, mwanangu," alisema Mwanarusi, na sasa machozi yakamwagika, na kicheko pia, yote mawili kwa pamoja. Alikaa kwenye mchanga nje ya ua, akamsimulia habari ya sufuria, bafta na majamvi. Esha alicheka mpaka akashika tumbo.

"Basi matanga yangu yalikuwa na watu wengi?"

"Wengi. Na unga wa kutosha."

Wakacheka tena. Kisha Esha akasema kwa sauti ya mtoto.

"Unawashika watu wote vichwa, Mama. Siku yangu ikifika, nani atanishika mimi?"

Mwanarusi alitaka kusema mimi. Lakini hakuwa mwongo, na homa haikuwa imempa ahadi yoyote. "Omba Mungu," alisema. "Na mimi niombe."

Esha alikichukua kifuu cha ile nazi aliyokuwa akiikuna, akakijaza maji ya mtungini, akakiweka chini katikati ya ua, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Mwanarusi akaingia hatua chache, akakiokota, akanywa nje. Hakukiacha pale. Aliondoka nacho.

Baada ya siku chache homa ilimwangusha. Alilala akitetemeka, kifua kinawaka, na Chirau alikuja kila asubuhi, akamwamkia kutoka dirishani, akamwachia dawa kizingitini. Kadzo naye aliugua, akainuka kabla yake, na aibu ikamfanya alete uji kila siku.

"Dada, nisamehe," alisema akiwa mlangoni. "Nilikuzikia mtoto aliye hai."

"Sufuria yako bado tunaichemshia makoleo," Mwanarusi alimjibu kwa sauti iliyokauka. "Safari ijayo uliza kwanza."

Alikuwa anaumwa kuliko alivyopata kuumwa maishani, na alikuwa na furaha. Kila homa ilipompanda alihesabu katika akili yake upana wa ule ua: yeye yuko huku, Esha yuko kule, na katikati mchanga mtupu. Alinywea maji kwenye kifuu kile. Kitsao alipokuja kukusanya vifuu vya kupeleka motoni, alikificha chini ya mto.

Alipopona alirudi kazini, na vichwa vikaendelea kumjia. Homa ikazidi kupungua, mpaka siku moja Boga akafika zahanati anahema, hajavaa hata kofia. Hakuwa na haja ya kusema kwamba siku ya Esha imefika. Chirau aliweka koleo chini, akamfungulia Mwanarusi kitambaa kwa nyuma, akampa kipya kilichochemshwa.

Gazi, kwenye kizingiti cha ua, Mwanarusi alisimama mahali palepale. Aliomba maji na sabuni, akanawa mikono mpaka viwikoni, akafunga kitambaa. Ndani Esha alikuwa anaita. Mwanarusi akavuka ua wote, akaingia, akaketi nyuma ya mwanawe, akakiegemeza kichwa chake kifuani.