Mbio za Mseto, Mteremko wa Siongiroi

Pikapu ya maziwa ilikuwa imeshapita Litein ikielekea Siongiroi, na Bonareri alikaa juu ya mitungi mitupu, amezikumbatia skii zake kama aliyepewa mtoto wa watu ashike. Zilikuwa skii za nyasi, za kuvaa miguuni na kuteleza mlimani, fupi, zenye vigurudumu chini. Kocha Kipkurui alizileta kutoka ng'ambo, alikofanya kazi kwenye hoteli ya milimani. Watu wa kijijini kwake Kimulot walipoziona mara ya kwanza walidhani ni vipuri vya trekta.

Msimu mzima wanawake walishindana kwenye miteremko ya malisho, na hii ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Mbio zenyewe ni za mseto: kwanza unateremka moja kwa moja, halafu unapanda na kuteremka tena ukipinda kati ya malango ya mianzi. Muda wa mara zote mbili unajumlishwa. Mshindi wa msimu angepelekwa Lesotho kwenye theluji ya kweli, na nafasi ilikuwa moja. Bonareri aliitaka mpaka usingizi ukamkimbia. Weupe pekee aliowahi kuuona ukianguka ni mvua ya mawe, nayo kazi yake ni kuharibu chai.

Kikwazo chake kilikuwa Sally, waliyemchukua pale Litein. Walikuwa sawa kwa pointi. Sally ni mwendesha bodaboda, na breki kwake ni pambo tu.

“Mama majani chai,” alimwambia, “leo usishuke kama umebeba kikapu.”

“Na wewe usisimame njiani kuita abiria,” Bonareri akamjibu. Pikapu nzima ikacheka, Sally akiwa wa kwanza.

Walipofika Siongiroi, ng'ombe walifukuzwa mteremkoni, watu wa soko wakajipanga. Mara ya kwanza Sally alishuka kama jiwe lililong'oka, akamwacha Bonareri mbali kabisa.

Mara ya pili Bonareri ndiye aliyetangulia kushuka. Alipinda vizuri, lakini karibu na katikati akaruka lango moja, akapita kando yake. Sasa, huyu ni mchumaji wa chai tangu ujana. Kule shambani kila mama ana mstari wake, na akiruka kichaka, msimamizi anamrudisha mbele ya wenzake. Basi miguu ikaamua yenyewe. Akasimama, akapanda kwa ubavu kama kaa, akapita langoni, ndipo akaendelea. Watu walicheka wakashika mbavu. Mzee mmoja akauliza huyo mama amesahau nini huko juu. Bonareri alifika chini amejaa machozi, akajua Lesotho imekwenda.

Sally alihitaji kushuka polepole tu. Polepole ndiyo hakuijua. Lango lile lile akalipita kando kwa kasi, akafika chini mikono juu, watu wakimshangilia.

Kipkurui akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba aliyeruka lango bila kurudi hana muda wowote wa kuhesabiwa.

“Si ni moja tu, kocha?” Sally akauliza.

“Bonareri aliruka hilo hilo. Akarudi.”

“Mimi sikujua inaruhusiwa kurudi.”

“Hata yeye hakujua,” Kipkurui akasema.

Sally akamgeukia Bonareri, akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha kicheko kikamshinda. “Yaani umenishinda kwa woga wa msimamizi?”

“Ana mdomo mbaya, dada yangu. Hujamsikia.”

Bonareri alikwenda Lesotho. Alianguka mara nyingi, akamaliza wa pili kutoka mwisho, akarudi Kimulot. Anachuma chai bado, na Jumamosi anafundisha wasichana. Sally alishinda msimu uliofuata, naye akaenda Lesotho, akavunjika kifundo cha mkono, akapona. Yuko stendi ya Litein na bodaboda yake. Kipkurui aliacha ukocha akafuga ng'ombe wa maziwa. Mteremko wa Siongiroi umezungushiwa ua, mwenye shamba amepanda mahindi.